Glasi ya Tatu

Mara tatu katika miaka kumi na miwili Nicha aliondoka nyumbani kwa mama yake. Au, ili tuwe wakweli, mara tatu alianza kuondoka. Mara ya kwanza alishikwa na homa asubuhi ya usaili, homa iliyomwachia jioni ile ile, nafasi ikiwa imekwisha kupewa mwingine. Mara ya pili pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yake ilizimika langoni, magurudumu ya mbele yakiwa barabarani na ya nyuma uani, na fundi aliyeitwa hakuona kasoro yoyote. Mara ya tatu hakupenda kuizungumzia. Alikuwa amefunga mabegi mawili, akaamka na kukuta kila nguo imerudi kabatini, imepigwa pasi na kupangwa kwa rangi, nyeupe kwanza, bluu mwisho. Mama yake aliapa hajagusa kitu. Nicha hakuwa mtu wa kupanga nguo kwa rangi. Aliwahi kuwa hivyo zamani, katika usichana wake.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitano, mkutubi katika mji wa Phrae, na barua ya nne ilikuwa mkononi: ukuu wa maktaba ndogo ya Pua, kule milimani, mkoa wa Nan. Alitakiwa kuripoti Jumatatu ya kwanza ya Juni. Zilibaki wiki tano, na mkuu wake alimwambia, kwa upole uliomwumiza kuliko ukali, kwamba hakungekuwa na barua ya tano. Ndipo alipokwenda kumtafuta kocha.

“Kocha?” mama yake, Bi Khamnoi, aliuliza huku akichambua majani ya mrehani. “Umri wako huo unasajiliwa timu gani?”

“Kocha wa maisha, mama. Anamsaidia mtu aliyekwama.”

“Umekwama wapi wewe? Unakula, unalala, kazini unakwenda. Mimi najua gari ndilo hukwama.”

“Na gari nalo lilikwama, mama.”

Bi Khamnoi alicheka mpaka majani yakamwagika mapajani. Kisha akanyanyuka, akachukua chupa ya soda nyekundu na shada la asumini, akaenda kwenye kijumba cha mwenye kiwanja, mzimu anayelinda ardhi ya nyumba, kilichosimama juu ya nguzo yake pembeni mwa ua. Huo ulikuwa utaratibu wake wa kila siku, na Nicha alikwisha acha kuuona.

Kocha Wirat alikuwa na chumba juu ya duka la miwani. Zamani aliuza bima ya maisha, na watu wa mji walimtania kwamba amechoka kuwauzia kifo, sasa anawauzia uhai. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayejua kusubiri.

“Dada Nicha, mimi sitabiri, sifukuzi mapepo, wala sitoi ushauri,” alisema siku ya kwanza. “Nauliza tu. Ukinikasirikia, ujue nimeuliza vizuri.”

Akamimina maji kutoka kwenye jagi. Alimimina glasi tatu. Nicha alidhani kuna mtu anakuja, akawa anautazama mlango saa nzima. Hakuja mtu.

Wiki ya pili zilimiminwa tatu tena.

“Kocha, hii ya nani?”

Wirat aliitazama ile glasi kana kwamba imewekwa pale na mtu mwingine. “Mkono tu umezoea. Asubuhi nilikuwa na wateja wawili, mtu na mkewe.”

Lakini dakika kumi nyuma, akimkaribisha, alikuwa amelalamika kwamba tangu kupambazuka hajapata mteja hata mmoja. 

Wiki ya tatu kocha aliburuta kiti kitupu, akakiweka mbele ya Nicha. “Hapo mweke yule anayekuzuia. Simtaki mama yako, simtaki mkuu wako. Namtaka yule wa ndani. Mpe jina, lolote lile.”

“Bunruean,” mdomo ulisema kabla yake.

Hilo lilikuwa jina lake la kuzaliwa. Babu yake ndiye aliyempa, na maana yake ilikuwa baraka ya nyumba. Alipofika miaka thelathini na mitatu, mvua za mwaka mmoja zilimchukulia baba na mchumba: mmoja kwa kifo, mwingine kwa maneno mawili ya simu wiki mbili kabla ya harusi. Mtawa wa hekaluni alipiga hesabu, akaona katika jina lile herufi zisizopatana na siku aliyozaliwa. Kulibadili hakukuwa jambo la ajabu. Nusu ya wanawake wa ofisini kwake walikuwa wamebadili majina, mmoja wao mara mbili. Akaenda ofisi ya wilaya, akapewa hati, akatoka nje akiwa Nicha, na alikumbuka kwamba siku ile alitembea kwa wepesi usio wa kawaida, kama mtu aliyetua mzigo bila kutazama ameutua wapi.

“Muulize anataka nini,” kocha alisema.

“Unataka nini?”

Pangaboi lilizunguka. Kiti kilikuwa na mto wa sponji wa rangi ya manjano, na Nicha aliona mto ule ukididimia katikati, taratibu, kama unavyodidimia mtu anapokaa akiwa mwangalifu asisumbue wenzake. Akamtazama kocha ajue kama ameona. Wirat alikuwa akifuta miwani yake iliyokuwa safi.

“Kiti cha zamani hicho,” alisema, bila kuulizwa.

Nicha alikuwa na shahada, na alijua sponji huchakaa. Njiani alijiambia hivyo mara kadhaa, na kila mara alijiona kama mtu anayemtetea mshitakiwa asiyemwamini.

Kazi aliyopewa akaifanye nyumbani ilikuwa orodha. “Andika kila uliyemwarifu ulipobadili jina,” Wirat alikuwa amemwambia. “Kila mmoja. Mtu anabadilika halafu anasahau kuwaambia waliomzoea.” Nicha aliona ni maneno ya semina, lakini Jumapili asubuhi alikaa barazani na daftari, akaandika. Benki, kazini, hekaluni, chuo alichosoma, shangazi wote watano. Alifikisha majina arobaini na moja. Alipoinua kichwa kutafuta la arobaini na mbili, mama yake alikuwa uani, mbele ya kijumba, akitumbukiza mrija katika soda. Na Nicha akasikia maneno ambayo kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiyasikia kama anavyosikia mngurumo wa friji.

“Bwana mwenye kiwanja, Bunruean ni wako na ni wangu. Mlinde. Akitaka kutoka, mrudishe.”

Kalamu ilimtoka mkononi. Hakuwahi kumwarifu mwenye kiwanja. Katika nyumba zote za mtaa ule bibi harusi haingii, mtoto haletwi kutoka hospitali, hata mpangaji hapewi ufunguo, mpaka kwanza yapigwe magoti pale na jina lake litajwe. Yeye alikuwa na haraka, na pengine, ingawa hakupenda kulikiri, aliona aibu: mtu msomi, na hati yenye mhuri wa serikali, akajieleze mbele ya kijumba chenye sanamu za tembo na wacheza ngoma wa plastiki.

Akashuka uani. “Mama, Bunruean si ndiye mimi?”

“Wewe?” Bi Khamnoi hakugeuka. “Si uliondoka wewe? Alitoka Bunruean hapa asubuhi kwenda wilayani, akarudi mtu anaitwa Nicha. Nikasema haya, na huyu mtoto wa watu, ale, alale. Lakini Bunruean naye alirudi. Yeye hajawahi kunikimbia.”

“Yuko wapi, mama?”

“Maswali gani hayo! Kwani humu ndani nani anapanga nguo?”

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeulizwa chumvi iko wapi.

Nicha alimsimulia kocha yote hayo wiki ya nne. Alieleza kwamba dawa anaijua: apige magoti, ataje jina jipya, aseme lile la zamani halipo tena. Mlango utafunguka. Lakini mama ana miaka sabini na minane, na asubuhi itakayofuata atakaa jikoni na nani?

Wirat alivua miwani yake, akaiweka mezani. “Dada yangu, mimi nawafundisha watu kuacha mambo. Sijawahi kujiuliza yanayoachwa yanakwenda wapi.” Alikuwa amemimina glasi mbili tu siku hiyo. Akaichukua ya tatu, akaijaza kwa makusudi, akaisogeza upande wa kiti kitupu kwa mikono miwili, kama anavyohudumiwa mgeni. “Basi nauliza. Unaamua nini?”

Jumatatu ya kwanza ya Juni, jua likichomoza, Nicha alipakia mabegi kwenye pikapu. Mabegi yalikuwa bado yamejaa. Aliyakagua mara mbili. Akapiga magoti mbele ya kijumba, viganja vimekutana, hati ya wilaya imefunguliwa mapajani, akaisoma yote, tarehe na namba na majina mawili.

“Hawa ni wawili,” alisema. “Nilipaswa kukwambia mapema, nisamehe. Nicha anaaga. Bunruean anabaki na mama. Usimrudishe asiyekuwa wako.”

Hakujua kama huo ulikuwa ukarimu au woga. Hakujua pia alikuwa anatoa kiasi gani. Aligawa kitu ambacho hakuwahi kukipima. Mama yake hakutoka kumuaga. Alimpungia mkono dirishani, akarudi kwenye kinu chake.

Injini iliwaka mara moja. Magurudumu ya mbele yaligusa lami. Hapo ndipo aliposikia kutoka jikoni sauti ya Bi Khamnoi ikikaripia, “Punguza pilipili, wewe, utaniua!” na baada yake kicheko, cha msichana, kirefu, chenye kwikwi ndogo mwishoni. Mguu wa Nicha uliruka juu ya breki, ukaning'inia. Kicheko kile alikifahamu. Hakuwa amekicheka tangu mazishi ya baba.

Hakuzima injini ili asikilize. Magurudumu ya nyuma yakavuka lango.

Alipofika njia panda ya kwenda Nan, akiwa peke yake ndani ya gari, alijaribu kucheka vile. Akajaribu tena. Kicheko hakikutoka.