Kumi na Nne, Kitupu

Wenzake kazini walimbandika jina la Mama Kona, na hawakumbandika kwa mzaha. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ametandika vitanda vya hoteli kubwa ya kwao, na kona zake za shuka zilikaa kwa ukali wa bahasha ambayo haijafunguliwa. Sasa, kwa mara ya kwanza maishani, mgeni alikuwa yeye: chumba namba kumi na nne, ghorofa ya pili, hoteli ya kawaida katikati ya jiji la ugenini, dirisha limetazamana na ukuta wa duka la vipuri, bafu la pamoja mwisho wa korido.

Hakuja kutembea. Bintiye, aliyehamia huku kushona sare kiwandani, alikuwa amelazwa mtaa wa tatu kutoka hapo, akisubiri kupasuliwa uvimbe. Alikuwa ameweka sharti moja tu: "Siingii mle ndani kabla sijasikia sauti ya mama." Asubuhi wodi haikuruhusu ndugu, na laini ya Mama Kona haikushika mtandao wa nchi ile. Muuguzi akachukua namba ya hoteli. "Kesho saa nne kamili asubuhi tutapiga, mama. Usibanduke."

Usibanduke! Mtu aliyezoea vyumba kumi na sita kwa zamu moja aambiwe akae kimoja, mikono imelala mapajani? Saa kumi na mbili alikuwa ameshatandika kitanda. Saa moja akakitandua, maana mkunjo mmoja ulimkera, akakitandika upya. Akafuta meza, akanyoosha pazia, akatia viatu ndani ya begi na begi ndani ya kabati. Kazini kwao, mgeni aliyetapanya vitu sakafuni alisemwa wiki nzima. Saa mbili na nusu akabeba taulo na ufunguo akaenda kuoga, akarudi mbio na povu sikioni. Kisha akakaa kwenye kiti, maana kitandani asingethubutu, akaikodolea macho simu.

Saa nne ikafika. Simu kimya. Nne na robo akainua mkonga: ilikuwa hai, inaunguruma. Akaurudisha upesi kama aliyeungua, asije akaziba njia. Akasimama, akaketi, akasimama. Alikizunguka chumba mpaka akajua ubao gani wa sakafu unalia na upi umenyamaza. Wamemwingiza bila yangu? Amegoma? Au limetokea lile lisilotajika? Nne na nusu akashuka ngazi mbili mbili, na magoti yake hayakuwa ya kushuka mbili mbili.

Mapokezi alikuwepo bwana mmoja nadhifu, aliyeshika zamu saa tatu, anachonga penseli.

"Kaka, kuna simu yangu? Kumi na nne."

"Kumi na nne kitupu, mama. Mgeni ameondoka."

"Mgeni ni mimi."

Bwana akamgeuzia karatasi. "Mhudumu amekagua saa mbili na nusu. Kitanda hakijalaliwa, mzigo hakuna, taulo hakuna. Hospitali wamepiga mara mbili, nikawaambia ameondoka."

"Umewaambia nini? Daftari hilo hapo lina saini yangu ya kukaa siku nne! Ufunguo huu hapa! Mtu ajiandike kwa mkono wake, wewe umfute kwa sababu ya shuka?"

"Basi mhudumu kazembea. Leo atanitambua." Akabonyeza kengele. Akashuka mwanamke wa makamo na ndoo yake.

"Bosi, kitanda kile hakikulaliwa, naapa. Kona zile hakuna mgeni anayeziweza."

Mama Kona akamtazama, na hasira yake ikabadili njia. "Huyu asiguswe. Ningekuwa mimi ningeandika hivyo hivyo. Mwenye daftari ni wewe, na hukulifungua. Haya, piga hiyo simu!"

Bwana akapiga, akampa mkonga kwa mikono miwili.

"Mama, ulikuwa wapi?" Muuguzi alihema. "Amekataa kupanda machela. Daktari ametoa dakika kumi, zikipita ni wiki ijayo. Huyu hapa."

"Mama?"

"Nipo, mwanangu. Sijabanduka."

"Wamesema umeniacha. Wamesema chumba kitupu." Kisha kicheko kikaanza kumponyoka. "Mama... umetandika kitanda, siyo?"

"Kidogo."

"Na begi umelificha kabatini."

"Ingia, mwanangu. Ingia, nakusubiri."

"Naingia. Ila nenda ukakivuruge hicho kitanda, saa nane wakipiga tena kukueleza nimetokaje, wakukute."

Akapanda. Akalitoa begi akalibwaga katikati ya chumba, kiatu kimoja huku, kingine kule. Akashika shuka, akafumba macho, akachomoa kona. Kisha akaketi kitandani kusubiri saa nane, mguu ukigonga sakafu. Kona tatu zilizobaki zilimshinda.