Mwalimu Breki Yuko Likizo

Walimu wa udereva wapo wengi, lakini aliyenyooka ni huyu mmoja, na anayebisha aje tubishane, muda ninao. Miaka kumi na tisa amekaa kiti cha kushoto kwenye gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yake, na iliyokwisha ni yake. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mwalimu Breki. Hata akitazama televisheni, gari likikata kona vibaya, mguu wake wa kulia unakanyaga zulia. Zulia lenyewe lina tundu mahali hapo, na mkewe ameshalitia kiraka mara mbili.

Mwaka huu joto lilizidi, hata mijusi ikawa inagombea kivuli. Shule ya udereva ikafungwa wiki mbili, naye akatangaza nyumbani: "Mimi siendi popote. Barabara nimezishiba. Likizo yangu naila hapa hapa uani." Akafunga shuka la bluu kutoka kamba ya nguo hadi ukutani, na chini yake akaweka kiti kirefu cha kujilaza, redio, sahani ya tikiti maji na beseni la maji ya kutia miguu. Niambie, mfalme ana nini zaidi ya hapo?

Mkewe alikubali kwa sharti moja. Safari yao ya mwaka juzi, mama wa watu akiwa ndiye dereva, Mwalimu alimwelekeza njia nzima: "Kioo! Gia! Unakwenda wapi, hilo si duka hilo?" Mwisho mama alisimamisha gari, akashuka, akatembea kwa miguu kilometa mbili. Basi safari hii alisema mapema.

"Mume wangu, likizo ni likizo. Ukimfundisha udereva mtu yeyote wa nyumba hii, hata kwa neno moja, unapaka rangi jiko na korido."

"Mimi? Nitakuwa gunia la viazi."

"Viazi havijibu," mkewe akasema.

Siku tatu gunia lilitulia. Siku ya nne, saa mbili asubuhi, gari la binti yao likaingia getini. Binti ni muuguzi, na alikuwa anatoka zamu ya usiku, ya tatu mfululizo. Tena leo ndiyo siku aliyoahidi kumpeleka mama yake kwa bibi, safari ya mwendo wa saa sita, siku ambayo nusu ya nchi nayo ilikuwa imekumbuka kwamba ina bibi. Gari lilipanda ukingo wa bustani, likashuka, likasimama kwa mshtuko. Maji ya beseni yakaruka hadi ukutani, maana mguu wa Mwalimu ulikuwa umeshakanyaga.

Binti akashuka. Macho mekundu, kamba za kiatu kimoja zikiburuza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umelala lakini?"

"Nitalala nikifika."

Maneno hayo Mwalimu alikuwa ameyasikia kwa watu aliowafundisha mwenyewe, na wawili kati yao walilala kabla ya kufika. Akamwona mkewe anatoka ndani na mabegi, anayapanga kiti cha nyuma mpaka kioo cha nyuma kikazibika kabisa. Ulimi ulimwasha! Akauziba kwa kipande kikubwa cha tikiti.

Msidhani aliogopa rangi. Jiko angelipaka, na dari juu yake. Alichoogopa ni kwamba akisema tu, binti atabisha, na akibisha atawasha gari papo hapo. Mtoto huyo tangu anajifunza, ukimwambia punguza, anaongeza. Kichwa kigumu hicho alikitoa wapi, tusiulizane. Basi ilibidi ujanja, na kwa ujanja mzee huyu hajambo.

"Mwanangu, mama yako bado anatafuta miwani. Njoo utie miguu kwenye maji kidogo."

"Baba, usianze kunifundisha."

"Nikufundishe nini, kuosha miguu?"

Binti akacheka, akavua viatu. Mwalimu akampisha kwenye kiti kirefu, akaongeza maji ya baridi, akashusha shuka upande wa jua. Halafu, kwa sauti ya chini, akaanza kumsimulia mkutano wa walimu wa udereva uliojadili ukubwa wa fomu za usajili. Wa kwanza alisema hivi, wa pili akaunga mkono, wa tatu akaomba ufafanuzi. Wa nne hakufikiwa. Kichwa cha binti kilikuwa kimelala begani na mdomo uko wazi.

Mkewe akaja na begi la mwisho. "Mbona amelala? Miwani ninayo kichwani saa zote hizi! Mama anatungoja." Akanyoosha mkono kumwamsha.

Mwalimu akaushika ule mkono. "Ukimwamsha nafungua mdomo. Na rangi nitapaka, niletee brashi sasa hivi."

Mkewe akamtazama. Akaona mumewe hatanii. Kisha akamtazama binti yake. Ng'ambo ya ukuta seremala aliwasha msumeno wa umeme, ukalia kama ng'ombe mwenye hasira. Redio ilipiga kelele, nzi akatembea kwenye pua ya binti mpaka akachoka. Binti hakutikisa hata kope.

Mama akaweka begi chini taratibu, akapiga simu.

"Mama, leo hatuji."

"Kwani nani amekufa?" bibi akauliza, na sauti ikasikika uani kote.

"Hakuna, mama. Ndiyo maana hatuji."

Wakala tikiti lote, wakanong'ona kama wachumba. Mabegi nusu wakayahamishia kwenye buti. Saa kumi jioni binti akafumbua macho, akaona jua liko upande mwingine, akaruka na beseni lake.

"Mmeniacha nilale! Saa ya kuondoka imepita!"

"Saa nane zimepita," mama akamsahihisha.

Binti akalisogeza beseni. Akakaa. Akatazama miguu yake iliyokunjamana kwa maji.

"Asubuhi," akasema polepole, "pale kwenye taa, nilifumba macho kidogo tu. Nilishtuliwa na honi za nyuma. Taa ilishakuwa kijani, sijui tangu lini."

Mwalimu alikuwa na hotuba ya nusu saa juu ya jambo hilo, ameitoa miaka kumi na tisa bila kukosea nukta. Akammiminia mwanawe maji ya kunywa.

"Kesho tunaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Nikiamka," binti akasema. "Na nisiamshwe na mtu."