Maneno Manne ya Mwalimu Kailemia

Mume wangu Stephen Kailemia alifundisha watoto wadogo hapa Kibirichia mpaka umri wa kustaafu ukamfika. Shamba letu la viazi limepakana na ua wa shule, kwa hivyo hata akiwa kazini sauti yake nilikuwa nayo.

Kila mwaka darasa jipya lilianza kwa maneno yale yale ya Kizungu. Aliandika ubaoni o mbili, kama viazi viwili vya mbegu, halafu k, ile imenyoosha mkono na mguu. Mwili ni mmoja, aliwaambia, sisi tunabadilisha kichwa tu. Kichwa hiki, book. Kile, cook. Halafu look. Halafu took. Anasema yeye, watoto wanarudia, fimbo inagonga meza. Mimi nikipalilia, jembe langu lilianguka pamoja na hiyo fimbo. Alitaka kunifundisha na mengine. Nikamwambia, "Mwalimu, sikuolewa nije kukaa kwa dawati." Akacheka sana.

Mwaka jana tukiwa tunachimba viazi, alikaa chini kwa mtaro kama mtu amechoka. Nikamwambia inuka, mvua hiyo. Akaniangalia, akasema, "Book."

Nikafikiri ni mzaha.

"Cook," akasema, na mdomo umeenda upande mmoja.

Kiharusi. Hospitali walimrudishia mguu, na mkono mmoja. Maneno hapana. Kimeru alichonyonya kwa mama yake kimeenda, Kiswahili kimeenda, jina langu pia. Yamebaki yale manne. Daktari alisema kitu mtu amekiimba miaka mingi hukaa pahali pake kichwani, ugonjwa usipofika. Basi akitaka maji ni book, cook. Akitaka choo ni hayo hayo. Mimi nakisia. Nikikosea anafunga macho, na kukosea nakosea sana.

Hapo ndipo binti yetu Mukami akaposwa. Kijana anaitwa Kiambi, mtu wa Kiritiri, huko chini kwenye joto na mbuzi. Na kwetu msichana hatoki nyumbani kabla baba hajambariki. Baba anapiga funda la maziwa, anamnyunyizia kifuani kwa mdomo, kisha anasema maneno yake. Maziwa bila maneno ni maziwa tu. Msichana akienda hivyo, halafu apate shida huko, watu hawatafuti sababu mbali.

Kaimenyi, mdogo wa mume wangu, akaja. Nikampa chai.

"Mama Mukami, siku hiyo nitasema mimi. Damu ni moja."

"Kwani Mwalimu amekufa?"

"Sijasema amekufa. Hawezi."

"Mdomo anao."

"Anao, na ndani kuna maneno manne ya watoto! Utatuaibisha mbele ya watu wa Kiritiri."

"Hayo manne alikufundisha wewe pia, na yakakushinda."

Akaondoka, akaiacha chai ikitoa moshi.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilikaa mbele ya mume wangu. "Sema, Mukami, nenda na amani." Aliangalia mdomo wangu, akakusanya nguvu, jasho likamtoka kama mtu anabeba gunia. "Look," akasema.

Mukami alitusikia kutoka jikoni. "Mama, muache."

"Nyamaza. Unataka ubarikiwe na baba mwingine?"

"Namtaka huyu. Hata akinyamaza."

Angejua nini yeye, hajaolewa.

Wageni walifika na mbuzi na asali, wakiongozwa na mzee wao Mukiri. Mukami akapiga magoti. Mwalimu akachukua maziwa, mengine yakachuruzika ule upande mbaya, mimi sikumpangusa. Akamnyunyizia vizuri kabisa. Kisha midomo ikaanza kutafuta.

"Book," akasema. "Cook. Look." Akapumzika. "Took."

Huko nyuma wanaume wazima, wanafunzi wake wa zamani, wakaitikia pamoja, "Took!" Mtu akacheka.

Mzee Mukiri akasimama haraka. "Mmesikia? Amemwambia asiache masomo! Apike, moto usizime kwake! Amwangalie mume wake! Na la mwisho anatuambia sisi: mmemchukua, basi mchukueni vizuri!"

Vigelegele vikapanda mpaka barabarani. Kaimenyi mwenyewe akanipa mkono. "Mama Mukami, umenishinda."

Lakini mimi nilikuwa namwangalia Mwalimu. Alikuwa anatikisa kichwa. Hapana. Hapana. Akamshika Mukami kwa ule mkono mzima, akarudia yote manne mbio mbio, akaanza tena, machozi yanashuka. Watu wakasema ni furaha ya mzazi. Labda alikuwa anamwonya. Labda alikuwa anamtaja Mungu. Labda alitaka maji tu. Vidole vyake nilivifungua mimi, kimoja kimoja, maana gari lilikuwa linangoja.

Siku hizi Mukami akipiga simu ananiuliza, "Mama, baba alisema nini?"

"Alikubariki."

"Najua. Lakini alisema nini?"

Namwekea Mwalimu simu sikioni. "Book," anamwambia, na ninasikia huyo mtoto akivuta makamasi huko Kiritiri. Kisha simu inakatika, na Mwalimu anaendelea, ameelekea lango. Huwa anasema neno, anangoja, kama darasa liko mbele yake. Asipojibiwa analirudia mpaka sauti inakauka. Kwa hivyo naacha jembe, nakuja nasimama karibu na kiti chake.

"Took," anasema.

"Took," namjibu, wala sijui nimekubali nini.