Kabati Jeusi la Mzungu

Mume wangu alikuwa fundi seremala, na ubishi wake ulizidi ufundi wake. Mzungu mmoja mwenye shamba nje ya Morogoro alimletea kabati lililovunjika mguu safarini, ndani ya gari la moshi. Lilikuwa jeusi tititi, limechongwa simba na maua, na mwenyewe alijisifu kwamba ni la babu wa babu yake huko Ulaya. Agizo lake lilikuwa moja tu, mguu.

Mguu ukatengenezwa. Lakini kwa mafundi wa kwetu kazi haiondoki barazani ikiwa chafu. Mume wangu akaenda mtoni kuchuma majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa paka, akaanza kusugua.

"Uliambiwa mguu," nilimwambia.

"Mke wangu, ukiletewa mtoto ana kidonda, utamtibu umrudishe na makamasi yake?"

Akasugua nje kote, akapaka mafuta ya mbarika. Kabati likang'aa rangi ya asali. Hata mimi nililipenda, Mungu anisamehe.

Mzungu alipoliona hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alilizunguka polepole, akasema hili si kabati lake. La kwake lilikuwa jeusi kwa uzee. Akadai mume wangu ameliuza na kuchonga jingine. Akamfungia ghalani kule shambani. Ilikuwa desturi ya padri wa misheni ya milimani kushuka kuchukua mizigo stesheni, na baba yake huko kwao alikuwa akiuza samani za kale. Padri ndiye angelitazama kabati. Akisema ni jipya, mume wangu anapelekwa bomani kula viboko ishirini na vitano, vile tulivyoviita hamsa ishirini. Nilikwishamwona mtu aliyetoka kwenye hamsa ishirini. Kwa muda mrefu alilala kifudifudi, na mkewe alimlisha kama mtoto.

Nilipeleka ugali ghalani asubuhi na jioni. Hakula. Aliniuliza tu kama padri ameshashuka.

Hatimaye akashuka. Mume wangu akatolewa, nyapara amemshika mkono, nami nikasimama chini ya ngazi za baraza.

"Shikamoo, padri."

"Marahaba, mama," alijibu bila kunitazama.

Alichomoa droo, akaigeuza juu chini, akapitisha kidole kwenye ubao wa chini. Akayachungulia meno yanayounga mbao pembeni, moja baada ya jingine.

"Yamelingana yote," alisema. "Mkono wa mtu hauwezi hivi. Kabati hili ni jipya."

 Nyapara alishaanza kukunjua kamba.

"Ngoja," padri akasema, akamgeukia mume wangu. "Wewe una mashine?"

"Nina msumeno na patasi, padri."

Padri akalowesha leso yake, akafungua mlango wa kabati, akasugua ndani, mahali msasa haukufika. Leso ikatoka nyeusi. Alizungumza na Mzungu kwa Kijerumani, kwa sauti ya chini, kisha akatuambia sisi.

"Kabati ni lile lile. Kwetu kuna viwanda vinavyoiga samani za kale na kuzipaka weusi ili zionekane nzee. Halikuwa la babu wa babu yake."

Roho yangu ikasuuzika. Nilitamani Morogoro nzima iwepo pale isikie. Mzungu alikaa kitini, mkono juu ya simba mmoja wa kuchongwa. Kisha akasema mume wangu aende zake, lakini arudi kulipaka kabati weusi kama lilivyokuwa. Na likisikika neno lolote mjini, hamsa ishirini bado ipo.

"Ndiyo, bwana mkubwa," mume wangu alijibu.

Nilivumilia mpaka nyumbani. Nilipomkuta anakwangua masizi kwenye vyungu vyangu, nikashindwa.

"Alikuita mwizi. Leo unakwenda kumpakia uongo wake? Ule ubishi wako umekwenda wapi, au ni wa kubishana na mimi tu?"

 Alivua shati, akanigeuzia mgongo. Ulikuwa mzima, hauna alama hata moja.

"Uguse," alisema.

Nikaugusa. Ulikuwa unatetemeka. Nikavuta chungu kingine, nikaanza kukwangua.