Neno la Saba la Rukia

Nipeni ahadi kwanza kwamba mtacheka nami, si kunicheka, ingawa hapa Faza ahadi hiyo imeshavunjwa mara nyingi, maana hadi leo nikipita sokoni kuna watu wawili wanaoinua mikono ya dua wakinitazama kwa jicho la pembeni. Mimi ndiye niliyefunga posa ya dada yangu bila kutumwa na mtu.

Binti yangu Rukia ana miaka mitano na ana usonji, na kwa muda mrefu hakuwa na neno hata moja, mpaka tukampata mtaalamu wa kuwafunza watoto kusema, kijana mpole kutoka bara, akaniambia niweke daftari niandike kila neno jipya na (hili alilisisitiza) nilitimize papo hapo, ili mtoto ajue neno lina kazi. Basi akisema "maji" baada yangu, nampa maji, na siku aliponifuata kwa "paka" niliingia kwa jirani bila hodi nikatoka na paka wake, nimekwaruzwa mpaka viwikoni. Maneno sita kwa mwaka mzima, yote kwa kuniiga mimi, na kila moja nimelililia.

Siku wageni walipokuja kutoka Matondoni kumposa dada yangu Salma, mke wangu alinishauri Rukia abaki ndani na wanawake, nikakataa, nikasema akae nami asikie watu wakizungumza (na nikiri, nilitaka wageni waone anavyokaa vizuri). Salma alikuwa ameridhia, ila kwa sharti moja, harusi ingoje amalize miaka miwili aliyobakisha ya uuguzi, na Ami Bakari, msemaji wetu, ndiye wa kulitaja. Nanyi mnajua kwetu, kila la kusemwa husemwa kabla ya Fatiha, kwani ikishasomwa ni halwa na kahawa, na kuongeza sharti hapo ni sawa na kumwambia mgeni aitapike halwa aliyokwisha kuimeza.

Mzee wao, Bwana Athman, akaanza na nasaba yao. Alimtaja babu, akarudi kwa babu wa babu, saa nzima, na Rukia ubavuni pangu akaziba masikio akaanza kuyumba. Mara akaondoa mikono, na kwa sauti ya Ami Bakari mwenyewe afungapo vikao vyetu, na ule mvuto wake wa mwishoni, akasema:

"Al-Fatiha."

Wallahi sikukumbuka posa wala Salma, nilikumbuka daftari. Nikainua mikono nikasoma kwa sauti, machozi yananitoka, na mmoja akishainua mikono nani atabaki ameishusha yake? Bwana Athman alimwacha babu yake njiani akasoma, Ami Bakari naye akasoma, sharti limemkaa kooni. Tulipoitikia Aamin wanawake ndani wakapiga vigelegele, halwa ikaingia, nikakumbatiwa na watu nisiowajua, na Rukia akaenda mlangoni akaleta viatu vya Bwana Athman akavipanga miguuni pake. Wageni wakamsifu kwa adabu, wakala, wakaaga.

Salma alitoka nyuma ya pazia, wala hakupiga kelele.

"Kaka," alisema, "miaka yangu miwili umeisomea Fatiha."

Afadhali angenitukana. Nikakodi pikipiki, Rukia mbele yangu (alikataa kubaki), mbio hadi Mtangawanda, nikawakuta wageni gatini na abiria wengine wanangoja boti, na pale mbele ya watu nikaungama yote, daftari, sharti, mpaka yule paka. Bwana Athman akamwinamia Rukia.

"Huyu mwana ana maneno mangapi?"

"Saba, Bwana. Hilo la yeo ndilo la saba."

"Mimi nimesema saa nzima, hapana aliyenisikiza," alisema. "Yeye kasema moja, tumetii sote. Salma na asome, tutangoja."

Nilitaka kumbusu mkono, lakini mashine ya boti ikaanza kunguruma na Rukia akaziba masikio tena, nikajua linalokuja, nikachelewa.

"Al-Fatiha."

Gati zima likainua mikono, wakidhani ni dua ya safari, nami nikainua, ningefanyaje. Baada ya Aamin watu wakajitoma botini, nahodha akafungua kamba, na wawili waliokwenda kununua soda wakaachwa. Ndio hao wa sokoni.

Mtaalamu aliposoma daftari aliniuliza Rukia akisema neno lile huwa kunatokea nini. Nikamwambia watu huondoka. Akaniuliza siku ile yeye alitaka nini. Alitaka waondoke, na hakuna aliyemtangulia kwa neno lile. Binti yangu hakuwa akiiga. Alikuwa anaomba, kwa mara ya kwanza, jambo lake mwenyewe.

Kwa hiyo nimeapa, posani simpeleki tena kabla sharti halijatajwa. Lakini neno lake likitoka, popote nilipo, mikono yangu itainuka, na atakayeachwa na boti anisamehe.