Tausi wa Bonde na Fisi Aliyempenda

Kama wewe ni wa Nakuru na umepita miaka arobaini, usiniambie hukumjua Tausi wa Bonde. Kwa kitambulisho jina lake lilikuwa Wanyonyi, lakini hilo alilitumia hospitalini na kwa chifu tu. Alikuwa mpiganaji wa mieleka ya kulipwa, na kabla hajakugusa kwa mkono alikuwa ameshakushinda kwa mavazi. Joho la zambarau alilolishona mwenyewe, manyoya ya tausi mgongoni, viatu vya rangi ya dhahabu, marashi yaliyofika hadi viti vya nyuma. Aliingia ulingoni na ndoo ya mawaridi ya Naivasha, yale ya shina lililopinda yasiyokubaliwa Ulaya, akiwarushia akina mama na kuwaita wote "mchumba." Hata nyanya zao.

Na aliyekuwa akipambana na huyo Tausi ni nani? Ni mimi Thuo, Fisi wa Molo. Shule niliachia darasa la sita, lakini kuchukiwa nilikusomea mpaka digrii. Msinicheke. Mzuri bila mbaya ni mtu aliyevaa vizuri tu, anangoja harusi.

Tulimzika mwezi wa nne. Vijana wa mtaa wake wa Kaptembwo, wale wanaomwiga kwa kujirusha juu ya magodoro makuukuu, wamerithi viatu vya dhahabu na kelele. Mjane wake aliwatazama juzi akaniambia, "Andika yale mliyokuwa mnafanya, kabla hawa hawajavunjana shingo." Basi naandika kwa ruhusa yake.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Njuguna, pale Elburgon, nyuma ya kiwanda cha mbao. Alitandaza vumbi la mbao, akaweka turubai juu, na mwaka mzima hakutufundisha kitu ila kuanguka. Mshindi alipangwa tangu asubuhi. Nikimwinua Tausi juu ya kichwa, mkono wangu mmoja sharti uwe nyuma ya shingo yake. Watu waliona nataka kumvunja, kumbe namshika kama yai. Siku ya mwisho Mzee akatuapisha: siri hii hata mke haambiwi, na mzuri na mbaya wasionekane pamoja, hata kwa kikombe cha chai.

Tukatii, wajinga wawili, miaka ishirini na minane.

Sasa Chepngeno, mkewe Tausi, mama yake Kimberly, mzaliwa wa Keringet anayeuza mboga Kaptembwo, aliamini kila ngumi. Kila Jumamosi ya pambano alifunga, hata maji hakunywa, akimwombea mumewe. Jumatatu moja, baada ya mimi kuvunja kiti kwa mgongo wa Tausi, nilipita karibu na kibanda chake. Akanimwagia beseni zima la maji ya kuoshea sukuma wiki.

"Fisi! Kwani wewe huna mama?"

Soko likapiga makofi. Nikawaonyesha meno, ndiyo kazi, nikaenda zangu na jani la sukuma sikioni.

Na huyo mama niliyeulizwa alipofariki, Tausi alikuja Molo na koti la mvua, kofia imefunika macho, akasimama nje ya ua tangu asubuhi. Watu walipokwisha kuondoka aliingia, akachukua jembe, akaongeza udongo kaburini polepole. Nami nikashika koleo. Tukamaliza pamoja, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili.

Mwaka juzi akavunjika nyonga. Mtu aliyeanguka mara elfu kumi bila kuvunja hata kidole, akaangushwa na kipande cha sabuni bafuni! Nikakimbia Kaptembwo. Chepngeno akafungua mlango nusu.

"Umekuja kummalizia?"

"Shemeji, nimekuja kumwona tu."

"Shemeji yako nani? Nenda umwone kwa picha."

Mara tatu nilifukuzwa hivyo. Vijana wa plotini, wapangaji wenzao, walikuwa wakimbeba kwenda choo kama gunia la viazi, na mayowe yake niliyasikia mpaka barabarani. Nikampigia simu.

"Tausi, mwambie huyu mama ukweli."

Akapunguza sauti. "Thuo, huyu ndiye mtu wa pekee aliyebaki duniani anayeamini niliwahi kumshinda mtu. Nikimwambia, nabaki mzee wa nyonga mbaya."

"Na usipomwambia, tutaonana lini? Kwa jeneza?"

"Wacha nifikirie."

Alifikiria wiki mbili. Jumapili moja nikaenda mara ya nne, bila kuitwa. Kabla sijabisha nikasikia kishindo. Alikuwa amejaribu kuamka peke yake, akateleza, na Chepngeno amemshika kwapani, hawezi kumpandisha wala kumwachilia. Mlango ulikuwa wazi. Tausi akaniona.

"Thuo!" akaita. Si Fisi. Thuo.

Sikuomba ruhusa. Mkono mmoja ukaenda wenyewe nyuma ya shingo, mwingine chini ya mapaja. Yeye akanishika bega, akashusha pumzi, na bila mtu kuhesabu tukainuka pamoja. Nikamlaza. Hakulia hata kidogo.

Chepngeno alikuwa ameukazia macho mkono wangu.

"Mmefanya hivyo mara ngapi?"

Uongo ninao mwingi, ningeweza kumpa mmoja papo hapo. Lakini swali halikuwa langu. Tausi akatoka jasho ambalo sikuwahi kuliona ulingoni.

"Kila Jumamosi, Mama Kimberly," akasema. "Huyu hajawahi kuniumiza. Wala mimi sijawahi kumshinda. Tulikuwa tunapanga."

"Na kile kiti?"

"Tulikikata kidogo na msumeno asubuhi, kivunjike haraka."

"Na mimi nashinda njaa."

"Nilitaka kukuambia. Lakini nikirudi, unanipakulia chakula ukiniangalia vile... Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniangalia hivyo. Nikashindwa."

Chepngeno akachukua beseni, akatoka. Tukabaki tunatazamana kama watoto waliovunja chungu cha watu.

Mara hodi. Ni Kuluthum, jirani, na sahani ya mahamri ya kumpa mgonjwa pole. Akaingia na Chepngeno nyuma yake, akaniona, sahani nusura imponyoke.

"Astaghfirullah! Huyu si yule Fisi?"

Chepngeno akaweka beseni chini. Alimtazama mumewe pale kitandani, hana joho wala manyoya, soksi moja imetoka, anangoja hukumu.

"Ndiye," akasema. "Amekuja kuomba msamaha. Baba Kimberly alimpiga miaka mingi mpaka akili ikamrudia."

"Mbona anaomba amesimama?"

"Hata mimi nashangaa," Chepngeno akasema, akiniangalia.

Nikapiga magoti. Kilo mia na kumi, kwa simiti. Tausi akafumba macho, akaninyooshea mkono kama sultani. "Inuka, Fisi. Usirudie tena."

Kuluthum akajifuta machozi kwa ncha ya buibui, akaenda mbio kuwapasha majirani.

Chepngeno akafunga mlango. Akaokota ile soksi, akamvalisha mumewe, akaivuta taratibu mpaka kisigino kikakaa sawa.

"Kesho ukuje saa moja tumwogeshe," akaniambia bila kugeuka. "Maji hupoa haraka nyumba hii."