Dume Leo, Jike Jana

Mchoraji wa viumbe katika ofisi moja ya kutengeneza michezo ya kompyuta huanza na mikono. Uso hufuata baadaye, akishajua mwili unafanya kazi gani. Penseli moja huwa mkononi, nyingine imezama kwenye nywele, naye huitafuta kutwa nzima huku akinung'unika. Akichora sura iliyonuna, naye hununa. Akichora anayepiga miayo, hupiga miayo, na wenzake hupita wakijishika mbavu kwa kicheko. Asubuhi moja msimamizi wake alimwinamia begani. Wakazi wa sayari ya barafu, aliokuwa akiwachora kwa mchezo mpya, walikuwa wamemshinda msimamizi kuwaelewa, na alihofia wachezaji nao wangepotea.

"Dada, huyu si alikuwa jike jana? Leo ana kishungi cha dume!"

"Mwenzake amekufa. Kwao anayebaki hugeuka."

"Tutawachanganya watu. Mpake rangi ya mdomo, mwekee matiti, yaishe."

"Wanataga mayai, kaka. Matiti ya kumnyonyesha nani?"

Msimamizi alicheka hadi akashika meza, lakini hakuondoka. "Haya, ila kwa nini wageuke?"

Penseli ikasimama. "Baba alipofariki," alisema taratibu, "mama alianza kukohoa mlangoni kabla ya kuingia, kama baba. Akahamia kiti chake, akawa anabishana na taarifa ya habari. Kila tuliposikia kile kikohozi, sote tulikaa sawa."

Msimamizi akavuta kiti, akaketi kando yake, akakitazama kiumbe kile upya.

"Hicho kishungi," akasema, "kianze kidogo. Kiote polepole."